Mguu bandia kwa mtu wa Mombasa: upi uanze nao

Mtu akikatwa mguu kwa kisukari au ajali ya bodaboda, jamaa huanza kuuliza bei. Mimi huuliza kwanza anavyoishi. Anatawadha mara tano kwa siku? Choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa? Ndani anatembea pekupeku? Majibu hayo ndiyo yaliyopanga orodha hii ya nyayo bandia kwa waliokatwa chini ya goti.

Nafasi ya kwanza naupa unyayo wa Jaipur. Fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi waliuunda India mwaka 1968, wakiwafikiria watu wanaokaa chini, wanaochuchumaa na wasiovaa viatu. Ni wa mpira, una vidole, unapinda pande zote na hauogopi maji. Ukitoka Marikiti na tope la mvua, unausuuza, unaufuta, unaingia ndani na kukaa mkekani.

Wa pili ni unyayo wa kisigino cha sponji, uliotoka California miaka ya 1950. Hauna kiungo kinachosogea, kwa hiyo hauharibiki ovyo, na bei yake ni nafuu. Taabu ni kwamba kifundo hakipindi, kisha fundi huupanga kwa kimo cha kisigino cha kiatu kimoja. Aliyepangiwa kwa viatu vya ofisini akivaa makubadhi siku ya Ijumaa, goti litasukumwa nyuma kila hatua.

Nyayo za nyuzi za kaboni naziweka za tatu kwa sababu ya bei tu. Mmarekani Van Phillips, aliyepoteza mguu akiwa kijana, alizileta sokoni mwaka 1984. Ukikanyaga hujikunja, ukiinua hukusukuma mbele. Anayepanda na kushuka mteremko wa feri ya Likoni kila siku, na pesa anazo, azitangulize bila wasiwasi.

Goti la kompyuta, yaani goti bandia linaloongozwa na kompyuta ndogo, sikulipanga hapa kwa kuwa ni la waliokatwa juu ya goti. Lina gharama kubwa na linahitaji kuchajiwa.

Lakini unyayo wowote utakuwa mateso kama soketi, pale kigutu kinapoingia, haikukai. Hili ni la kale. Kidole gumba cha mbao na ngozi alichozikwa nacho mwanamke mmoja karibu na Luxor, Misri, yapata miaka 3,000 iliyopita, kina alama za kurekebishwa mara kadhaa ili kimkae. Kwa hiyo usinunue kamwe mguu uliotengenezewa mtu mwingine, hata ukiuzwa bei ya kutupa. Soketi ya polipropilini, aina ya plastiki, ndiyo ningeichagua: ni nyepesi, haiozi, na fundi anaweza kuipasha moto akairekebisha mahali panapobana.

Siku ya kujaribu, tembea kidogo, vua, kisha tazama ngozi. Wekundu kwenye ukano ulio chini ya pia ya goti ni sawa, maana hapo ndipo uzito unapobebwa. Wekundu kwenye ncha ya mfupa, au usioondoka baada ya dakika kumi, mrudishie fundi hapo hapo. Mwenye kisukari atumie kioo, kwa kuwa huenda asihisi kidonda.

Kigutu husinyaa sana mwaka wa kwanza, basi usimalize akiba kwenye soketi ya mwanzo. Na kwa joto letu, nunua soksi za kigutu za kutosha kubadilisha adhuhuri zikilowa jasho, na nyingine za kuongeza jioni mguu ukianza kulegea.