Gereji ya Tabata na Kili Time yangu: miguu nyota tano, injini nyota moja

Jina la gereji silitaji maana bado tunadaiana na wameahidi kumalizia hela yangu, ila watu kama watatu wameshaniuliza ile gari niliipeleka wapi mpaka ikanifia njiani, kwaiyo naandika yote hapa mara moja nisirudie rudie.

Gari ni RAV4 Kili Time ya 2002, injini ya D4, 1AZ-FSE kwa wale wanaofuatilia hayo mambo, odometa inasoma kilometa 263,000. Sio mpya, najua. Mimi nilinunua kwa mtu ikiwa na 171,000 na cheti cha eksipoti cha Japani ninacho kwenye faili, kinaonyesha ilitoka kule na 98 elfu. Shikeni hilo, huko mbele lina kazi yake.

Nianze na haki yao. Miaka miwili pale nimebadilishiwa shokapu za mbele, bushi, boljointi, stabilaiza linki, na sijawahi kurudi kulalamika hata siku moja. Gari ilikuwa inagonga kama kabati la vyombo linahamishwa, ikatulia kabisa. Spea za zamani wanakurudishia kwenye mfuko, na kabla ya kununua wanakwambia hii ni used ya Shauri Moyo bei hii, hii mpya ya Gerezani bei hii, chagua. Kwa miguu ya gari hawa jamaa ni mafundi kwelikweli.

Shida ilianza kulanti, yale maji ya kupozea injini, ikawa inapungua. Asubuhi nafungua rejeta imeshuka, naangalia chini hakuna hata tone. Nikawa naongezea maji tu, na maji yetu huku ni ya kisima yana chumvi, najua jamani, nipigeni. Siku moja kwenye foleni ya Ubungo mshale wa joto ukapanda, na mimi badala ya kuzima palepale nikajikaza mpaka sheli. Hilo ni kosa langu na nililikubali mbele yao.

Wakapima wakasema gasketi ya hedi imekufa, ile inayoziba kati ya hedi, yaani kipande cha juu cha injini, na bloki ya chini yake. Jumla 620,000: seti ya gasketi, kuskimu hedi (kuisawazisha uso), oili, kulanti, na humo ufundi peke yake 300,000. Nikalipa M-Pesa. Risiti ya EFD sikudai, nikapewa karatasi ya daftari yenye muhuri imeandikwa "gasket + service", basi.

Siku ya 11 tukawa tunaenda Iringa, shangazi kakaa nyuma kapakata ndoo ya samaki wa kukaanga. Kitonga tunapanda nyuma ya semi za Zambia, mwendo wa kobe, katikati ya mlima mshale huo juu. Safari hii nikazima hapohapo. Kufungua boneti, kulanti inachuruzika nyuma ya injini, ule upande wa dashibodi ambao huwezi hata kuingiza mkono, chiiii. Shangazi alishuka na ndoo yake akasimama kule mbali kwenye ukingo anasali kwa sauti. Bredauni mpaka Dar bei yake siitaji, mume wangu anaweza akasoma hapa.

Nampigia fundi mkuu, jibu la kwanza: "Dada angu, gari ya laki mbili na sitini hiyo, injini imechoka. Mi nilifunga gasketi, na gasketi haina garantii." Nikamwambia haijamaliza wiki mbili. Akahamia kwenye odometa, eti hizi kilometa zimerudishwa, inawezekana ina laki nne. Nikamtumia picha ya cheti. Akahamia kwenye maji ya kisima. Kulanti iliyokuwemo ni ya kwake mwenyewe, ya kijani, niliikuta mpaka kwenye bampa. Mwisho akaniambia nilete, ila ufundi nitalipa upya, au anitafutie injini used.

Sikupeleka. Nikaenda kwa mzee mmoja Ilala, nikamwambia fungua nikiwa nimesimama hapa. Hedi ile ina boliti kumi. Saba zilitoka kwa ubishi, kila moja inapiga ule mlio wa kraa. Tatu za nyuma mzee alizilegeza kidogo tu akamalizia kwa vidole. Moja ilitoka imeviringishiwa uzi wa alumini kuanzia chini, mwembamba unang'aa, kama springi ya kalamu ya biki. Ile ndo thredi ya bloki yenyewe, imeng'oka yote ikatoka na boliti. Na kwenye matundu yale matatu tu kulikuwa na gamu nyekundu. Mzee akaitoa kwa kucha, akaniangalia, akasema "Aliyefungua kabla yangu aliliona hili."

Sasa sikieni. Huu ugonjwa wa injini za AZ kama hii yangu, za miaka ile, unajulikana. Bloki ni alumini, boliti za hedi za upande wa nyuma thredi zake zinachoka na joto mpaka zinakatika. Boliti zile zinakazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, halafu zinaongezewa robo mzunguko (digrii 90), kama thredi imekufa inazunguka tu haishiki, na hapo hata ufunge gasketi ya dhahabu haitakaa. Kwaiyo mimi sisemi waliniharibia. Inawezekana kabisa zilikufa kabla hata sijainunua, au niliziua mimi siku ile ya Ubungo. Ninachowalaumu ni kwamba waliona boliti tatu zinazunguka bure, wakatia gamu, wakachukua 620. Simu ya dakika mbili tu, "dada kuna tatizo jingine, dawa yake ni kutoboa upya na kuweka bushi za chuma zenye thredi mpya au kutafuta injini, unasemaje", ningelipa. Au ningeuza gari. Lakini ningeamua mwenyewe, na Kitonga nisingeenda.

Na sisi wenye magari chakavu tuna vituko vyetu. Baba mdogo wangu alishawahi kurudisha gari gereji akidai tangu wambadilishie plagi AC haipoi. Unapeleka kitu cha miaka ishirini na kitu, unataka bei ya chini, kesho saa mbili asubuhi kiwe tayari, "we fundi nifungie tu iende". Fundi ameshazoea kulaumiwa kwa kila nati, ndo maana kabla hujamaliza sentensi anakujibu "gari imechoka". Naelewa. Ila gamu sielewi.

Nilienda na boliti zangu tatu kwenye kopo la Blue Band nikaziweka mezani kwa yule fundi mkuu wa Tabata. Hakubisha. Akaigeuza geuza ile yenye uzi, akamwita kijana aliyefunga, kijana akaangalia chini anajifuta mikono ambayo ilikuwa mikavu. Tukakubaliana anarudisha ufundi, gasketi imekula kwangu. Kalipa 180,000.

Kule Ilala zimewekwa bushi matundu yote kumi, sio yale matatu tu, maana mzee alisema saba zilizobaki zipo kwenye foleni. Jumla na gasketi nyingine 780,000. Karatasi kaniandikia odometa, tarehe, idadi ya bushi, na picha za bloki kabla na baada kanirushia WhatsApp bila kuombwa. Imeshatembea kilometa 4,000, Iringa nimeenda na kurudi, mshale katikati haujatikisika. Shangazi lakini anapanda basi.

Shokapu za nyuma zimeanza kuvuja sasa na nitapeleka palepale Tabata, naambiwa nimerogwa, ila miguu ya gari hawana mpinzani. Boneti tu hawagusi. Imebaki 120,000, alisema mwisho wa mwezi, ikiingia narudi kuongeza nyota.