Injini ya mtumba ya 1NZ: geji inasifia, tundu la ekzosi linakataa

Wadau, karibuni. Leo tupo Gerezani, Dar es Salaam, kwa hiyo kelele mtazivumilia, huyu jirani anakata chasisi tangu asubuhi. Hii hapa mbele yangu ni 1NZ-FE, injini ya Toyota IST, Raum na Probox za cc 1,500, imeshuka na kontena kutoka Japani. Kuna dada anataka nimfungie kwenye IST yake. Hela bado iko kwenye pochi yake, na ukaguzi ni sasa hivi. Ukishalipa, huo hauitwi tena ukaguzi, ni kulalamika.

Dogo, sogeza simu hapa kwenye bloku, inapoungana na giaboksi. Futa hilo vumbi. Mnaona? 1NZ, halafu namba. Piga picha, maana kadi ya gari ina namba ya injini na TRA, watu wa mapato, wataiulizia. Hakikisha pia hujauziwa 1NZ-FXE ya Prius. Cc zake ni zile zile 1,497 na kwa sura ni mapacha, lakini ile ni ya haibridi, gari la mafuta na umeme, imetengenezwa kwa uwiano wa kompresheni, yaani wa kubana hewa, wa 13 kwa 1, wakati hii ni 10.5 kwa 1. Angalia na throto, mlango wa hewa ya injini: kuna za kebo na kuna za umeme. Gari lako lina kebo, chukua ya kebo, usijitafutie kazi ya waya.

Kifuniko cha oili. Ndani hakuna uji mweupe, kwa hiyo maji na oili havijachanganyika. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, ina rangi ya chai ya rangi. Ingekuwa nyeusi na imeganda kama lami, tungeishia hapo hapo.

Sasa spana namba 19 kwenye boliti ya pulii ya krenki, shafti kuu ya injini. Nazungusha kulia, mizunguko miwili kamili. Mkono unasikia ugumu unakuja na kuachia, unakuja na kuachia, hizo ni silinda zinabana. Haikwami, haigongi. Safi.

Tumetoa plagi. Hii ya pili imelowa oili, lakini tazameni imelowa wapi: juu, kwenye nyuzi na kichwani. Hiyo ni sili ya valvu kava, kifuniko cha juu cha injini, imechoka, shida ndogo. Ubaya ni ikilowa huku chini kwenye ncha. Na ncha yake... ina ukoko mweusi. Wenzake watatu wana rangi ya kijivu. Nimeliona hilo, tunaendelea.

Sasa geji ya kompresheni, tuone kila silinda inabana kiasi gani. Stata ya hii inafungwa kwenye giaboksi, ndiyo maana nawaambia injini iliyokatwa giaboksi huwezi kuipima kirahisi pale chini. Plagi zote nje, throto wazi kabisa, betri yenye nguvu. Piga, dogo! 185. 180. 184. 186. Hizo ni psi, kipimo cha mgandamizo. Kitabu cha Toyota kinataka 213 psi, cha chini kabisa 156, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14, tena injini ikiwa imepata moto. Hii imelala ya baridi kabisa. Muuzaji hapa anacheka, anasema "fundi, si nilikwambia?"

Ndiyo uliniambia, kaka. Na mimi niliwahi kuambiwa hivyo hivyo. Nilifunga injini yenye namba nzuri kuliko hizi, mwezi haukuisha mteja akarudi na dumu la oili kwenye buti, anaongezea kama maji ya rejeta. Geji inapima zile ringi, pete za pistoni, mbili za juu na valvu. Ringi ya chini, ile ya kukwangua oili, ikiganda kwenye pistoni, geji haijui habari zake.

Kwa hiyo tumemwomba tufungue manifodi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi kutoka kila silinda. Mulika tochi. Tundu la kwanza kavu, masizi ya kijivu. La tatu na la nne vivyo hivyo. La pili... nimepitisha kidole, ona. Gundi nyeusi, na chini yake ukoko mnene. Injini iliyolala ubavu ndani ya kontena inaweza kulowa oili kidogo, hilo nakubali, lakini oili hiyo ingekuwa mbichi. Huu ukoko umepikwa, ni wa miaka. Silinda ya pili inakula oili, iwe ni ringi au ni sili za valvu.

Siichukui. Kwa mtu anayetaka kuivunja na kuweka ringi mpya, bloku hii ni nzuri na bei wapatane. Kwa dada yetu anayetaka kufunga leo na kesho aende Bagamoyo, hapana. Bei yenyewe sitaji, maana huku inategemea umevaa nini.

Muuzaji amenuna, lakini ameshatuonyesha nyingine pale nyuma ya matairi. Dogo, rudisha plagi kama tulivyozikuta, njoo na tochi.