Ricoh GR III au lenzi mpya ya Canon? Uzoefu wangu Mwanza

Kamera yangu, Canon 700D, ni toleo la 2013. Imechubuka pembeni lakini haijawahi kunigomea. Tatizo ni kwamba, ikiwa na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, ilikuwa haitoki kabatini. Mjini naenda na simu. Kwa hiyo pesa ilipopatikana nikawa na mawili mezani: Ricoh GR III, kamera ya mfukoni, au lenzi fupi ya EF-S 24mm f/2.8 STM kwa ajili ya Canon hiyo hiyo. Bahati nzuri binamu yangu anayo Ricoh, akaniachia nizunguke nayo kwanza.

Ni kamera tamu, nisiifiche. Gramu 257 pamoja na betri na kadi, na kihisi chake, ile sehemu inayonasa mwanga, ni cha ukubwa uitwao APS-C, unaokaribiana na wa Canon yangu, si kile kidogo cha simu. Kwenye daladala ya Igoma umebanwa dirishani, unaitoa kwa mkono mmoja, wa pili umeshika bomba. Ila utamu wake hasa niliuona kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Ukiingia pale na lenzi ndefu, kabla hujasalimia umeshaulizwa unatoka gazeti gani, na vijana wa mikokoteni wanasimama kupozi. Ukiwa na Ricoh hakuna anayejali. Nilimpiga picha mama mmoja, kwa ruhusa yake, akimpimia mteja: anajaza sado, anaitikisa, anaongeza kiganja cha mwisho juu mpaka dagaa wanamwagika mezani, huku anabishania bei na mtu mwingine kabisa. Mbele ya kamera kubwa angenyoosha mgongo na kutabasamu.

Sasa twende Kamanga, kwenye kivuko, saa saba mchana. GR III haina mahali pa kuchungulia kwa jicho, unategemea kioo cha nyuma tu. Kwa jua lile nilichokiona ni uso wangu na kofia. Kivuko nilikipiga picha kwa kukisia. Canon naibandika jichoni, jua liwake litakavyo. Betri nayo: kwa vipimo vya watengenezaji, Ricoh ni picha kama 200 kwa chaji, Canon yangu kama 440. Siku ya umeme kukatika utaijua tofauti hiyo.

Kuna na suala la vumbi. Lenzi ya Ricoh hutoka ukiwasha na kurudi ndani ukizima, na haichomoki. Punje ikipenya hadi kwenye kihisi, ni fundi aifungue. Mimi ni mtu wa kushinda mialoni kwenye mchanga, dagaa wakianikwa, upepo ukivuma kutoka ziwani. Sikutaka roho juu kila siku.

Bei ndiyo ikamaliza mjadala. GR III ilipotoka 2019 ilikuwa dola 899 Marekani. Lenzi ya 24mm ilianza kwa dola 149 mwaka 2014. Mke wangu aliposikia namba hizo mbili alicheka, akaendelea kuchambua mchicha.

Nikachukua lenzi. Ina gramu 125 na unene wa sentimita 2.3 hivi. Mfukoni haiingii, maana Canon peke yake ni gramu 580, lakini inakaa kwenye begi la kazini na sasa inatoka nami. Kwenye kihisi cha Canon yangu inaona kama 38mm ya kamera za filamu (namba ya mm ikiwa ndogo, lenzi inaona pana zaidi). Aliyekaa ng'ambo ya meza kwa mama ntilie anaenea vizuri, uso haupindi. 50mm f/1.8 wengi wanaisifia, na kwa picha za uso wako sahihi, ila hapa inakuwa kama 80mm: sebuleni kwangu utagota ukutani na babu bado hajaingia mzima. Hii 24mm pia inapiga kitu kikiwa sentimita 16 tu kutoka kwenye kihisi, kwa hiyo jicho la sato kwenye sahani unalipata pamoja na punje za chumvi.

Usiku ndipo inaponiudhi. Lenzi ya zamani kwenye 24mm ilifunguka f/4, hii f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa zaidi), mwanga umeongezeka mara mbili, basi. Na haina kizuia mtikisiko, ambacho Ricoh inacho, hata lenzi yangu ya zamani inacho. Kule Makoroboi, eneo la machinga mjini, taa zikiwaka naegemea nguzo, napandisha ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) hadi 3200, na chembechembe zinaonekana. Kwa saa hizo kikamera cha binamu kinanishinda mbali, na bado nakiazima kwake.

Ukitafuta hii lenzi iliyotumika, ogopa kuvu kuliko mikwaruzo, hasa sisi wa kando ya ziwa. Muuzaji akiwa Dar, mwambie apige video akimulika tochi ya simu kupitia ndani ya lenzi kabla hujatuma hata senti. Ukiona nyuzi nyeupe kama za buibui, mshukuru na uache.