NeoNatalie: doli zuri la kufundishia, ila kazi nyingine iko kichwani

Leba nyingi za Tanzania zinalijua doli hili la kujifunzia kumsaidia kupumua mtoto mchanga asiyepumua. Linatengenezwa na Laerdal ya Norway, na lilienea pamoja na mafunzo ya Helping Babies Breathe yaliyoanza mwaka 2010. Ukilijaza lita 2 za maji ya uvuguvugu linakuwa na uzito wa mtoto wa kilo 2, kichwa kinalegea na viungo vinaning'inia. Halihitaji betri: mkufunzi anabonyeza vipira, kitovu kinadunda, mtoto anapumua au analia. Uzuri wake mkubwa ni kifua. Hakipandi mpaka kichwa kikae sawa na barakoa ya ambu (mfuko wa kubana unaomsukumia mtoto hewa) ibane uso, kwa hiyo huwezi kulidanganya.

Lisichonacho ni purukushani. Halibadiliki rangi, haliponyoki mikononi kwa utelezi, na hakuna mama anayetokwa damu hatua mbili pembeni. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Haydom, Tanzania, ulionyesha jambo hili wazi: mafunzo ya siku moja yaliinua alama kwenye doli, lakini huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Nafuu ilionekana baadaye, mazoezi mafupi ya mara kwa mara yalipohamia wodini.

Ndiyo maana tunashauri daktari mtarajali asilitumie doli peke yake. Aongeze dakika 5 za kulipitia tukio kichwani, mwanzoni mwa zamu, akiwa amesimama mbele ya meza ileile ya kumhudumia mtoto. Kwanza pumzi: vuta kwa hesabu ya 4, shikilia 4, toa 4, tulia 4, mara tatu. Kisha tukio lianze, na mhusika alione kwa macho yake mwenyewe, si kama anayejitazama kwenye video. Ahisi kitambaa kinavyolowa, mikono iende hewani, mdomo utamke: "Nakausha. Halii. Nasugua mgongo. Bado. Nafunga na kukata kitovu. Ambu." Saa ya ukutani iwe inatazamwa, maana pumzi ya kwanza ya ambu lazima iingie ndani ya sekunde 60. Baada ya hapo ni pumzi 40 kwa dakika.

Hapo wengi huharibu. Kichwani mambo huenda mbio, dakika nzima inaisha kwa sekunde 15. Ukiona hivyo, jua kuna hatua zimerukwa, mara nyingi kukausha na kusugua. Wengine hupitia mafanikio tu: ambu inabanwa, mtoto analia, mwisho. Zoezi la namna hiyo linafariji lakini halifundishi. Weka kikwazo makusudi: kifua hakipandi. Rekebisha kichwa, bandika barakoa upya, safisha mdomo na pua, fungua mdomo kidogo, bana kwa nguvu zaidi, na kila badiliko lifuatwe na kutazama kifua. Fikiria pia mahali ambu ilipo usiku huo na jina la mtu utakayemwita.

Tahadhari moja: asiyejua bado kushika barakoa asianze na zoezi la kichwani. Atakomaza kosa, kwa mfano barakoa kubwa inayofunika macho na kuvujisha hewa pembeni. Apate kwanza pumzi 10 mfululizo zinazopandisha kifua cha doli.

Kuna pia NeoNatalie Live inayounganishwa na tableti na kutoa tathmini ya upumulishaji. Inafaa pasipo na mkufunzi, ingawa toleo la kawaida linatosha wodi nyingi.

Matunzo si magumu: mwaga maji yote baada ya zoezi, kaza kizibo, likaushe kabla ya kulikunja. Shida kubwa zaidi ni kabati. Doli likifungiwa na ufunguo ukaondoka na msimamizi saa tisa na nusu, zamu ya usiku haina doli. Liachwe karibu na meza, na ambu ya mazoezi ifungwe utepe mwekundu isije ikachanganywa na ya wagonjwa.