"Mama, hicho ni kizibo tu": vioo vyangu vya ombwe hapa Kabale

Nianze na kijana wa dukani, maana hasira yake bado ninayo. Nilinunua vioo vinne vya ombwe, yaani vioo vya dirisha vya kuzuia baridi, vilivyotolewa hewa katikati, katika duka moja la Kampala, kwa ajili ya chumba cha mama mkwe. Mnaoijua Kabale, huku milimani kusini magharibi mwa Uganda, mnazijua asubuhi zake: ukungu hadi saa tatu, na mama mkwe ana kifua. Fundi alipofika kioo cha nne, kidude kidogo cha pembeni kikakataa kuingia kwenye fremu. Nikapiga simu dukani.

"Mama, hicho ni kizibo tu. Kitoe."

Nikauliza mara ya pili kama ana hakika. Akasema nina maswali mengi, akakata simu.

Fundi akakikwangua. Kioo hakikupasuka, alisema alisikia tu kama mtu anavuta pumzi. Alfajiri nikagusa vyote kwa kiganja. Vitatu vilikuwa vikavu, haviumi mkono. Cha nne baridi kama jiwe la mtoni, umande unatiririka hadi sakafuni.

Kila kioo hapa ni viwili vilivyolazwa pamoja, katikati nafasi ya kama milimita 0.2, hewa imefyonzwa, kingo zimezibwa. Kile kidude kilifunika tundu walilofyonzea hewa. Kikivunjika, hewa inarudi ndani na hakuna fundi wa kuitoa tena pale dirishani. Ni chupa ya chai ile ile: ncha ya kioo kule chini ikikatika, chai haikai moto tena. Na vile vinukta mnavyoviona ndani ya kioo si uchafu. Ni nguzo ndogo zinazozuia vioo visigusane, maana hata huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa inavikandamiza kwa uzito wa takriban tani 8 kila mita ya mraba.

Mjerumani Zoller aliombea wazo hili hataza, ile haki ya mvumbuzi, mwaka 1913. Kioo chenyewe kikaja kufanikiwa 1989, Chuo Kikuu cha Sydney, mikononi mwa Richard Collins na wenzake, ndipo Wajapani wakaanza kukiuza miaka ya 1990. Watu wamehangaika zaidi ya miaka 70 kulifunga ombwe hilo, kijana mmoja akaniharibia kwa simu ya dakika moja!

Nilikirudisha Kampala. Akakana kila kitu, kisha akaniambia mbele ya wateja: "Uganda ni nchi ya joto, mama, ungeweka kioo cha kawaida." Nani alimwambia Uganda ni Kampala?

Nilikusudia kuandika msinunue kabisa. Lakini mama mkwe amehamishia kiti chake kwenye vile vitatu, na kikohozi cha usiku kimepungua, au ndivyo ninavyosikia mimi. Bei inaumiza, sifichi. Siku hizi China nao wanavitengeneza, huenda ikashuka. Mkazi wa Kampala asipoteze pesa, atafute kivuli na upepo kwanza. Wa Kabale na Kisoro, nunueni, ila pimeni fremu hadi mridhike, kwa sababu kioo hiki kikishatengenezwa hakikatwi. Duka lile mimi sirudi.

Cha nne nimekiagiza kwa muuzaji mwingine. Kwa sasa dirisha lile nimelitundikia blanketi.