Squadron Supreme: Mashujaa Waliopewa Mwaka Mmoja Kuijenga Upya Nchi

Kwa majuma mawili sasa, kila baada ya magharibi, nimekuwa nikikaa kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Mji wa Kale nikisoma kitabu cha katuni cha Squadron Supreme, nilichokinunua kwa shilingi 900 kwa muuza vitabu vya mitumba. Ni mkusanyo wa matoleo 12 ambayo Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, iliyatoa mwaka 1985 na 1986, mwandishi akiwa Mark Gruenwald na wachoraji wakuu Bob Hall na Paul Ryan. Nimekimaliza, nimekirudia, na ningependa wapenzi wa katuni wa Mombasa nao wakitafute.

Kisa kinaanzia pale ambapo visa vingi vya mashujaa huishia. Adui amekwisha kushindwa, lakini Marekani ya ulimwengu huo wa kubuni imebaki haina umeme wala chakula cha kutosha wala sheria ya kuogopwa, na lililo chungu zaidi ni kwamba mashujaa wenyewe, akili zao zikiwa zimetekwa na adui huyo, ndio waliotumiwa kuiangamiza. Kwa majuto hayo, Hyperion, kiongozi wa kundi hilo liitwalo Squadron Supreme, na wenzake wanaapa kuutokomeza umaskini, vita, uhalifu, maradhi na hata kifo kwa muda wa mwaka mmoja, wakavua vinyago vyao hadharani ili watu wawajue kwa sura. Nighthawk, mmoja wao aliyekuwa rais wa nchi wakati wa maafa, anaupinga mpango huo na anafika kwenye mkutano na risasi ya argonite, madini yawezayo kumuua Hyperion, ambaye ni rafiki yake wa miaka mingi. Anashindwa kufyatua. Nimeziangalia kurasa hizo mara kadhaa, maana uso wake unaeleza shida ya kitabu kizima: amwue rafiki ambaye hajakosa bado, au amwache mpaka akose?

Hapa nina lalamiko. Kazi yenyewe ya kuijenga nchi, yaani kurudisha maji, umeme na mavuno, inapitiwa haraka mno, kana kwamba mtu mwenye kuruka angani akishaamua basi mifereji hutoa maji. Sisi tunaoishi katika kisiwa kinachotegemea maji ya bomba kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 bara, na ambao siku mfereji ukikauka twamngoja mwenye mkokoteni na mitungi yake ya lita 20, tungependa kuona ni nani anayechimba mtaro, nani anayeshika funguo za tangi na nani anayehudumiwa mwanzo. Mwananchi wa kawaida haonekani sana katika ujenzi huu, hupewa tu. Anatakiwa asalimishe bunduki, naye anapewa mkanda wa kumkinga na silaha.

Gruenwald anapoingia katika mambo ya nafsi, lakini, ni fundi kwelikweli. Tom Thumb, mvumbuzi wa kundi, anatengeneza mashine ya kurekebisha tabia za wahalifu, na wengi wanaikubali kwa nia njema kabisa. Kisha Lady Lark anaikataa posa ya mwenzake, Golden Archer, naye kwa uchungu anamwingiza ndani ya mashine hiyo ili ampende. Mapenzi yanakuja, ila ni mapenzi ya mtu asiyeweza kuondoka: bibi huyo anamganda kila aendako, hana rai yake tena, na mwanamume aliyepata alichokitaka anaanza kukiogopa. Wazee wetu husema mwenye nguvu mpishe; kitabu hiki kinauliza aliyepisha anabakiwa na nini, na jibu lake linaogofya kwa sababu aliyeumia si adui bali ni mmoja wao. Amphibian, ambaye tangu mwanzo hakuutaka mpango huo, anajitenga na kurudi baharini, na nilimwelewa.

Lugha ni Kiingereza chenye maneno mengi. Wahusika hujieleza hata pale ambapo mchoro umekwisha kusema, jambo lililokuwa la kawaida katika katuni za wakati ule. Mauti na masuala ya ndoa yamo kwa uwazi, kwa hiyo sikishauri kwa watoto wa shule ya msingi.

Gruenwald alifariki mwaka 1996, na kwa wasia wake majivu ya mwili wake yalichanganywa na wino wa mkusanyo wa kwanza, uliotoka mwaka 1997. Nakala yangu ni ya chapa ya baadaye, imelegea mshono, na ukurasa mmoja wa Tom Thumb, anayetafuta dawa ya saratani huku akiwaficha wenzake kwamba anaugua ugonjwa huo yeye mwenyewe, ulikuwa umeng'oka nilipoinunua. Nimeubandika kwa gundi, na mpwa wangu amekwisha kuomba zamu yake.