Systembolaget: Duka la Pombe Lisilomhimiza Mnunuzi

Anayeingia mara ya kwanza katika Systembolaget, kampuni ya serikali ya Sweden ambayo ndiyo pekee yenye maduka ya rejareja ya pombe kali, mvinyo na bia inayozidi asilimia 3.5 ya kilevi, hushangaa kukuta bia haijawekwa kwenye jokofu na anayenunua kreti nzima hapunguziwi hata senti. Huo si uzembe wa wauzaji, ndiyo sera yenyewe.

Kampuni ilianza 1955, mwaka uleule ulipofutwa mgawo wa pombe kali, ambapo kila mnunuzi alikuwa na kijitabu cha kuandikiwa alichonunua. Utaratibu huo, ulioasisiwa na daktari Ivan Bratt, haukuwa wa haki: kipato na hadhi ya mtu vilipimwa, na mwanamke aliyeolewa kwa kawaida hakupewa kijitabu chake. Hata hivyo, uliwapa wapinzani wa marufuku kamili hoja ya kushika, na marufuku hiyo ikashindwa kwa kura chache katika kura ya maoni ya 1922.

Ulegezaji uliofuata umekuwa wa kusuasua, na wakati mwingine wa kurudi nyuma. Bia ya ukali wa kati iliruhusiwa katika maduka ya vyakula 1965, ikaondolewa 1977 kwa sababu vijana waliipapia. Sweden ilipojiunga na Umoja wa Ulaya 1995, ukiritimba wa uagizaji na uuzaji wa jumla ulivunjwa, lakini miaka miwili baadaye Mahakama ya Ulaya ikaridhia ule wa rejareja uendelee. Tangu Juni 2025 wazalishaji wadogo wanaweza kuuza pombe yao papo hapo wanapoizalisha, ila kwa kiasi kidogo na kwa mgeni aliyelipia ziara au mafunzo.

Kwa huduma, nalipatia duka hili alama za juu. Kwa kuwa halikuwekwa kutafuta faida kubwa wala kupendelea chapa yoyote, ushauri wake kuhusu mvinyo unaaminika, na hata mkazi wa mji mdogo anaweza kuagiza chupa isiyokuwapo rafuni. Kinachoniudhi ni sharti la umri: kijana wa miaka 18 huuziwa pombe baa, lakini hapa husubiri hadi afike 20, kana kwamba kaunta ya baa ina busara zaidi. Jumapili hakufunguliwi, kwa hiyo mwenye wageni siku hiyo awahi Jumamosi kabla ya saa tisa alasiri.